Kibuyu Alichonyang'anya Mheshimiwa

Mjukuu wangu aliwashinda wazungu mbio, na mimi ndiye niliyemlea. Msiniambie nijishushe. Mwaka ule vyama vya siasa vilikuwa vimekuwa vingi, na pale tunapopimia majani chai watu walikuwa wananong'ona, ukifika wananyamaza. Lakini siku kijana aliporudi Bomet na medali, nilisema siasa ingoje.

Nilikuwa nimemwekea mursik, maziwa lala ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa. Kwetu mshindi ndiye hunywa kwanza, na anayempa humbariki. Jirani yangu, mama wa kabila lingine kutoka upande wa ziwa, bwana yake fundi wa kiwanda cha chai, alinisaidia kubeba. Huyo ndiye aliyekuwa akimpa mjukuu wangu uji akitoka mazoezini, mimi nikiwa shambani nachuma.

"Kogo, leo utalia mbele ya watu," alinitania. Aliniita nyanya kwa lugha yetu kama wajukuu wangu.

"Nilie mimi? Utalia wewe, na hiyo sauti yako ya ng'ombe!"

Uwanjani, kabla sijamfikia kijana, mheshimiwa wetu, mbunge, alijipenyeza katikati, akachukua kibuyu mikononi mwangu. Picha zikapigwa. Niliona aibu kunyamaza mbele ya watu wote wale. Maneno ya baraka yakanitoka: "Kunywa, baba. Unalotaka lifanyike."

Akanywa, akapangusa mdomo, akashika kipaza sauti.

"Nyumba hii ina wenyewe. Baada ya kura, wageni wafunge mizigo. Asiyefunga, tutamfungia."

Makofi yalipigwa mpaka vumbi likainuka. Mjukuu wangu aliangalia viatu vyake. Jirani yangu alikuwa kando yangu, akisikia yote.

Asubuhi nilimkuta anafunga godoro kwa kamba.

"Huendi popote," nikamwambia. "Yule ni mdomo tu."

"Kogo, ulimbariki."

"Alininyang'anya!"

"Kibuyu alinyang'anya. Maneno ulimpa wewe." Akaikaza kamba. "Na wakija hapa, utasimama mlangoni kwangu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini wanangu wawili walikuwa uwanjani jana, na niliwaona kwa macho yangu wakipiga makofi. Niliinama nikashika upande wa pili wa godoro, tukalitoa nje pamoja.