Mbao Mbili za Chumba Namba Nne

Seremala waliyempachika jina la Radi alikuwa hodari wa kazi na mwepesi wa ngumi, na mara nyingi vyote viwili vilionekana siku moja. Muuza mbao aliyemuuzia mbao mbichi alirudi nyumbani na meno pungufu. Mteja aliyeicheka meza yake alipigwa kichwa, kisha meza yenyewe ikapasuliwa kwa shoka. Mkewe alihama na mabegi mawili, na mimi simlaumu.

Mtu mmoja tu alisalimika, mdogo wake. Radi alipokuwa na miaka kumi na miwili alimvunja mkono kwa mpini wa jembe, wakigombea baiskeli. Mdogo akamwambia mama yao kwamba ameanguka ukutani. Baada ya siku mbili mama akamvuta Radi jikoni. "Yule nimemzaa mimi," alisema. "Ukimvunja tena, usiniite mama." Tangu hapo ilipita miaka thelathini bila kumgusa, na kwa mtu kama Radi hiyo si kazi ndogo.

Kisha hoteli moja ya mjini ikaingia kati yao. Ni jengo la kale la ghorofa mbili, vyumba tisa, kuta nene ajabu. Mdogo wake ndiye aliyefunga viyoyozi vyote tisa, na kwa miaka minane aliishi kwa kuvitengeneza. Lakini nyaya za zamani zilikuwa zinachemka, zilishaungua mara mbili, na bili ya umeme ilimtafuna mwenye hoteli hadi mfupa. Mwenye hoteli huyo, mwanamke mjane, akamwita Radi. Alitaka madirisha ya mbao yafufuliwe yazuie jua, na matundu ya hewa ya juu, yaliyozibwa kwa saruji, yafunguliwe joto litoke. Radi alipitisha mshumaa kwenye kila fremu. Mwali ulipoinama, alijua hapo panavuja, akapaziba. Chumba namba nne kilipokamilika, mwenye hoteli alikaa ndani saa nzima ya mchana. Alipotoka aliagiza viyoyozi saba vishushwe.

Aliyeitwa kuvishusha ni mdogo mtu. Alikuja saa sita mchana na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Uani madirisha ya vyumba vingine yalikuwa yameegeshwa ukutani, rangi bado mbichi. La kwanza alilipiga likawa kuni. La pili likafuata.

"Weka nyundo chini, dogo," Radi alisema. Sauti ilikuwa ya chini, na wafuaji wa mashuka wakaanza kurudi nyuma.

"Nalisha watoto kwa hoteli hii. Wewe na vibao vyako umenimaliza."

"Nimesema weka chini."

"Nipige basi. Mji mzima umeshaupiga, nimebaki mimi."

Akalipiga la tatu. Kipande kikaruka kikampasua Radi juu ya jicho, damu ikamziba, na mkono wake ukaokota mti wa fremu. Pigo lilikuwa moja. Uani wote walisikia mfupa wa mkono ukivunjika.

Radi alimbeba mwenyewe hadi chumba namba nne. Akarudi uani kuchukua mbao mbili nyembamba za dirisha lililovunjwa, akaubana nazo ule mkono na kuufunga kwa shuka lililochanwa. Mdogo aliuma meno, jasho likamkauka usoni, akatazama kiyoyozi kilichozimwa ukutani.

"Mbona humu kuna baridi? Umewasha nini?"

"Sijawasha kitu."

Mdogo akaweka kiganja cha mkono mzima kwenye ukuta uliopoa, akakiacha hapo. "Basi kweli nimekwisha," alisema, akalia.

Kabla ya kwenda hospitali walipitia nyumbani kuchukua kadi ya matibabu, maana mdogo na watoto wake waliishi kwa mama. Mama alifungua. Akatazama zile mbao zenye rangi mbichi, kisha damu kwenye uso wa Radi.

"Nimeanguka ngazini, mama," mdogo akawahi kusema.

"Mara ile ilikuwa ukutani," mama alijibu. Akamshika bega, akamwingiza ndani taratibu.

"Mama," Radi aliita.

Mlango ukafungwa. Ni Radi aliyeuweka mwaka uliopita, akauziba kila upenyo kwa ustadi wake wote ili vumbi na joto visimsumbue mama. Alisimama hapo muda mrefu, sikio kwenye mbao, na hakusikia kitu.