Nilificha nondo ndani ya bua la mgomba siku ya Mwaka Kogwa

Wakuu, habari za mchana. Hili sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Sitaongeza chumvi, lenyewe linatosha.

Miaka ya 2000 mwanzoni nilikuwa fundi wa nondo za ujenzi Mwanakwerekwe, Unguja. Nikipumzika naangalia katuni moja ya Kijapani, CD nanunua Darajani.

Ilihusu mtu wa upanga ambaye mwalimu wake mwenyewe aliwaua ndugu zake. Anazunguka nchi kutafuta kisasi, mashetani wako nyuma yake. Kila akiua adui mmoja, mashetani wanaongezeka.

Hilo la mwisho sikulitilia maanani. Mimi macho yalikuwa kwenye upanga tu, ujana huo wakuu.

Kila episode nikayakariri maneno yake ya Kijapani, nikawa nayasema peke yangu chumbani nimeshika mpini wa fagio.

Siku moja Vuai, mtoto wa ami yangu, akanikuta. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda kwetu Makunduchi, akawaambia wazazi wa mchumba wangu kwamba nina shetani, nasema lugha isiyojulikana.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mama wa binti akaja kwa mama yangu: "Bi Mize, posa yenu tunairejesha. Mtoto mtafutieni mwalimu kwanza, asomewe."

Nilimpenda yule binti. Niliumia vibaya sana.

Kwa wasiojua, siku ya Mwaka Kogwa wanaume wa Makunduchi, kusini na kaskazini, hupigana kwa mabua ya migomba. Kila mtu anamaliza kinyongo chake cha mwaka, kisha basi. Sisi tuko kusini, ami yuko kaskazini.

Nikakata kipande cha nondo, nikakichomeka ndani ya bua langu. Nilitaka Vuai asinyanyuke.

Uwanjani sikumtafuta mwingine. Nikamwita.

"Naam," akaitika, anacheka. "Njoo, nshakusubiri sana."

Nikanyanyua. Vuai hakujikinga. Alinipa bega lake hivi hivi. Nani anajikinga na bua la mgomba?

Mkono ulinikatalia. Nikalitupa vichakani, nikaokota jingine chini, nikampiga nalo mpaka likawa nyuzi tupu. Nilikuwa nalia.

Baadaye akanikumbatia. "Nsamehe ndugu yangu, nlisema kwa mzaha." Nikamjibu yamekwisha.

Kwake yalikwisha. Mimi mpaka leo akinialika nakula chakula chake nikilifikiria lile bega.

Nilichojifunza ni kwamba wazee walitupatia bua kwa sababu wanazijua hasira za vijana. Mimi nikatia chuma ndani ya kitu walichokiweka ili tusiuane.

Miaka yote nimekaa kimya. Leo nimekata shauri, siendelei.

Vuai yumo humu, anasoma jukwaa hili kila siku. Ndugu yangu, ushanijua. Leo sitoki, niko nyumbani nakusubiri.

Wakuu, maoni ruksa, na matusi pia nayapokea. Ila nafasi ya kwanza mwachieni yeye.