Kitalu cha Mselem

Mselem alizaliwa Jeddah, mtaa wa Al-Mahjar, wazazi wake wakiwa wametoka Unguja. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kuzamia kaskazini ya mji, katika kitalu cha mradi wa kufufua miamba ya bahari, kufunga vipande vya matumbawe kwenye fremu za chuma na kuvipima kila mwezi. Vilikua taratibu mno, lakini alivijua kimoja kimoja, na visamaki vya kijani vilivyojificha katika matawi yake vilishamzoea.

Kiangazi cha 2023 bahari ilimpokea kwa uvuguvugu usio wa kawaida. Wiki ya pili ya Agosti kipimo kilisoma nyuzi thelathini na tatu, na ncha za matawi zikaanza kupauka. Mselem alijua maana yake. Vijimwani vinavyoishi ndani ya tumbawe na kulilisha vilikuwa vinatoka, na maji yasipopoa mapema, tumbawe litakufa njaa.

Alimpigia Samia, mtaalamu wa mradi, aliyekuwa ofisini Riyadh.

"Tuyateremshe chini zaidi, Dokta. Labda huko kuna ubaridi."

"Nimetazama vipimo, Ami Mselem. Mita ishirini ni nyuzi thelathini na mbili. Utayapeleka wapi?"

"Basi nitandaze wavu, yapate kivuli."

"Jaribu," Samia alisema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumkatisha mwenziwe tamaa.

Alitandaza wavu juu ya fremu mbili. Kila asubuhi alishuka, akakuta weupe umesogea. Mwisho wa Septemba kitalu kizima kilikuwa cheupe pe, hata chini ya wavu. Siku moja alikaa chini ya maji mpaka hewa ya mtungi ikakaribia kwisha, akipepea tawi moja kwa mkono, kama anayempepea mgonjwa.

"Mbona unakwenda kila siku?" mkewe Hala alimuuliza. "Una la kufanya huko?"

"Sina."

Maji yalipoa Novemba. Fremu zilikuwa zimeota mwani, visamaki vya kijani vimehama, na rangi ilikuwa imerudi kwenye vipande kumi na vinne tu, vyote upande wa mkondo. Kwa nini hivyo na si vingine, Samia mwenyewe hakuweza kumwambia. Mselem alivisafisha kwa mswaki, akavipima, kisha akapanda juu.