Motokari ya Venant Ilipanda Juu Sana

Kama uko Nyakabere na uko na simu, ile picha ulishaiona. Usijifanye mutakatifu, na weye uliandika "hahaha" chini yake. Kamotokari keupe, ile ya kutembezea matajiri kwenye uwanja wa golf, kamesimama juu ya magurudumu makubwa sawa mbuzi aliyevaa bottes. Mutu akaandika: "Twiga ya Venant." Tulicheka mupaka mega za internet zikaisha.

Lakini picha haikusema yote.

Venant ni soudeur, fundi wa kuunga vyuma. Hapa kwetu mulango wa chuma ukianza kulia, njo yeye anaitwaka. Ile motokari aliipata Uvira, mu hoteli moja ya pembeni ya ziwa. Zamani ilibebaka maharusi kuwapeleka kupiga foto kwenye maji. Kisha ziwa likapanda, likaingia mu hoteli bila kuomba chumba. Kazi ikakufa. Venant alikuwa amewatengenezea portail, geti la chuma, patron wa hoteli akakosa cha kumulipa, akamwambia: "Beba hii. Batri bado ziko muzima."

Alibeba akiwaza mama yake. Maman Consolate magoti yake yaligoma kukunja, moto ya taxi, ile pikipiki, hawezi kupanda. Na njia ya kwenda kanisani inapita katikati ya mashamba ya muchele, nyembamba, gari la kweli haliingii. Mvua ikinyesha mufereji unafurika, maji yanalala pale pale barabarani sawa yamelipa kodi.

Na mwaka ule haukuwa mwaka wa kukosa kanisa. Achille, mutoto wa kwanza wa Venant, alikuwa amepewa upadri, na messe yake ya kwanza, misa ya kuanza upadri, angeisomea kwetu. Yule mutoto, bibi yake njo alimufundisha ishara ya msalaba, njo alimufinya masikio akisinzia mu rozari. Maman Consolate alikuwa na ombi moja tu.

"Mikono ya Achille iniguse kichwa mbele ya altare," alisema. "Messe ya kwanza hairudiliwaki."

Venant akajaribisha motokari mu ile njia. Ikaingia mu maji, tumbo likakaa chini, ikatulia sawa bata. Akaisukuma mupaka atelier, pale anapofanyia kazi. Mu YouTube wanakwambia ununue kit, vyuma tayari vya kuinulia gari. Kit ya kutoka wapi, soko ya Luberizi? Akaingia mu feraye yake, mu vyuma vyake vya kuokota. Alikata vyuma vya minibus iliyokufa, akaviweka kati ya essieu, kile chuma cha kushika magurudumu, na resori za nyuma. Mbele akasoude vipande vya tiyo, bomba za maji. Kisha akafunga magurudumu ya tricycle ya kubeba mizigo. Mvua ikiongezeka, na yeye anaongeza chuma.

Délice, mama anayeuza mandazi mbele ya atelier, hakumupatia amani.

"Papa Achille, hiyo ni motokari ao ni échelle ya kupandia paa?"

"Uza mandazi yako, Délice."

"Nauza. Naogopa tu utafika mbinguni mbele ya padri."

Siku ya kujaribu, vijana walirusha gunia za muchele ndani, Venant akakaa mbele akashika volant, akavuka maji yote. Hata gunia moja haikulowana. Tulipiga makofi, kweli. Venant alicheka mupaka meno ya nyuma. Hakuna hata mumoja wetu aliyefikiri kwamba gunia haivalaki kikwembe.

Siku ya dimanche, ile ya messe ya Achille, Maman Consolate alitoka nyumbani amevaa kikwembe kipya, kile familia nzima ilishonesha kwa ajili ya sherehe. Kilimubana muzuri. Akafika kwenye motokari. Pa kukanyagia palimufikia karibu na kiuno.

"Venant, mwana wangu, muguu naweka wapi?"

"Hapa, Mama."

"Hapo? Na kikwembe nakipeleka wapi?"

Wanawake wakaangalia chini. Jolie, muke wa Venant, akakimbia kuleta kiti kidogo. Maman Consolate akakanyaga, udongo ulikuwa umelowa, miguu ya kiti ikazama upande mumoja, na mama akakaa mu matope, polepole, sawa mutu aliyekaribishwa. Hakuumia. Lakini kikwembe...

Venant akanyoosha mikono. "Mama, acha nikubebe."

"Unibebe? Mutu wa kubebwa ni mugonjwa ao maiti. Achille anione naingia kanisani sawa mutu wa kipoyi, juu ya mabega ya watu?"

"Watu wataelewa, Mama."

"Wataelewa na simu zao."

Délice alikuwa wa kwanza kurudisha simu yake mu mukoba. Kengele ikalia.

"Nenda," mama akamwambia. "Baba ya padri hachelewaki."

Venant alienda kwa miguu, maji kwenye magoti, suruali ya sherehe ikashikana na ngozi. Padri mupya alipoita wazazi kwa baraka ya kwanza, aliangalia nyuma ya baba yake, akaangalia tena mulangoni, kisha akaweka mikono. Mabega ya Venant yalitikisika. Siye kule nyuma tukasema: angalia furaha ya muzee!

Baada ya messe Achille alikuja nyumbani, akamubariki bibi yake kwenye mukeka. Maman Consolate alibusu ile mikono, akashukuru. Venant hakugombezwa, hata neno moja. Angegombezwa, pengine angelala.

"Ngazi mbili, Délice," alisema kesho yake. "Minye mwenye nasoudeaka watu ngazi. Mbili tu zingetosha."

Délice akamufungia mandazi, akakataa franga.

Venant alizisoude, pana, na chuma cha kushikilia pembeni. Akaleta motokari mupaka mulangoni kwa mama yake. Maman Consolate alipanda mwenyewe, bila mukono wa mutu, akakaa, akanyoosha kikwembe chake. Venant akakaa pembeni yake, akafungua kontakti na ufunguo.

"Tunaenda wapi, Mama?"

"Minye njo nakuuliza," akajibu, bila hasira. "Achille walishamutuma parokia ya mbali. Sasa unanipeleka wapi?"

Motokari ya batri haipigaki kelele. Walikaa vile ndani, Venant ameshika volant na mikono yote miwili, na siye pale inje hatukujua kama inawaka ao imezima.