Mbao za Kibanda cha Barafuni

Mkwe wangu aliniomba nimchagulie mbao za kupamba ndani ya kibanda chake cha kuvulia samaki, nami nikaipokea heshima hiyo kwa mikono miwili. Kwao ni kaskazini, ambako ziwa huganda wakati wa baridi. Watu hukokota vibanda juu ya barafu, hutoboa tundu, hutumbukiza ndoano, kisha hukaa ndani na jiko la gesi wakisubiri. Kibanda chake kilikuwa juu ya trela mbele ya nyumba yetu hapa ughaibuni, mjini Riverdale Park, nje mabati, ndani mifupa mitupu. Jirani yetu Mkongo alidhani tunafungua biashara ya chipsi.

Lakini mbao hazikuwa shida yangu. Shida yangu ilikuwa kijana mwenyewe. Tangu amwoe binti yangu wa pekee hajawahi kunibishia. Nikiingia, anasimama. Nikisema mvua itanyesha na jua linawaka, anajibu, "Sawa, baba." Kiswahili chake chote kilikuwa shikamoo na hiyo sawa, mengine tulizungumza Kiingereza, na huko pia alikubali kila kitu. Sina mtoto wa kiume. Nilitaka mtu wa kuzozana naye, nikaletewa balozi.

Tulikwenda kwenye duka la mbao Jumamosi asubuhi. Mimi nimekulia Tanga, na kwetu ubao mwepesi ni chakula cha mchwa. Niliugonga msonobari kwa kidole, nikaguna. Niliugonga mwerezi, ukanukia vizuri, nikaguna vilevile. Mwaloni ndio ulionijibu kama ubao. Tuliubeba watu wawili na bado bega likaniuma.

"Huu," nikasema.

Akalisugua bega lake. "Sawa, baba."

Ukuta wa pili ulipokamilika, trela ilikuwa imeinama na matairi yamebonyea. Binti yangu akatoka nje na kikombe cha chai, akatazama, akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Baba, kwenye barafu kuna mchwa gani? And he has to drag that thing, you know. Barafu ikipasuka je?"

"Mbona mwenyewe hakusema?"

"Si wewe ulinifundisha baba mkwe habishiwi? I told him the rules."

Nilikasirika, na chini ya hasira niliumia. Kijana alikuwa tayari kuzama ziwani kuliko kuniambia nimekosea. Ndivyo nilivyokuwa mgeni kwake, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nilimfuata kibandani, alikokuwa amechuchumaa akipigilia misumari ya ukuta wa tatu.

"Baba yako mzazi angechagua mbao hizi," nikamwuliza, "ungemwambiaje?"

Akaiweka nyundo chini.

"Ningemwambia amerukwa na akili."

"Basi niambie mimi."

Masikio yakamwiva mekundu. Hakuniambia nimerukwa na akili, ila aliongea kuliko alivyowahi kuongea mbele yangu: uzito, unene wa barafu, mvuke wa pumzi na wa jiko unavyogeuka maji ukutani, ndiyo maana mbao hupakwa vanishi kabla ya kupigiliwa. Nilimsikiliza huku nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Kisha tukaubandua mwaloni wote, na sasa ni rafu za vyombo vya mke wangu, ambaye hajalalamika.

Tulirudi na msonobari. Ulikuwa mwepesi hata nikaona haya kuubeba. Alipofika darini, nikakumbuka ile harufu ya dukani.

"Hapa juu tuweke mwerezi," nikasema. "Pawe na harufu nzuri."

Alikuwa amechuchumaa na penseli mdomoni, anapima ubao. Hakusimama, wala hakugeuka.

"Hapana, baba," akasema. "Nishikie huku."

Nikamshikia.