Alama Zote Kwenye Kiti cha Wekesa

Kuna siku moja ya kuogesha ng'ombe joshoni kule Kabazi, mwaka wa 2007, ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Jana nilipokuona umeketi kibandani ukitia alama kwenye ramani ya simu mashamba ya mahindi yaliyougua, na hata moja hujalikanyaga, ilinirudia nikashindwa kula. Nina hasira, na sitaificha.

Nilikuwa kijana wa idara ya mifugo. Ng'ombe walikuwa wameingiwa na ugonjwa wa miguu na midomo, nami nikapewa kidude cha setilaiti, kile kinachoandika mahali uliposimama ukikibonyeza. Kazi ilikuwa kupanda hadi kila boma lenye mgonjwa, kusimama hapo na kubonyeza, ili ramani ionyeshe chanjo ianzie wapi. Lakini vilima vya Kabazi unavijua. Nikajiambia, si wenyewe watakuja joshoni Alhamisi? Mzee Wekesa, mwangalizi wa josho, akanipa kiti chake na kikombe cha chai. Kila mtu alipotaja ng'ombe wake mgonjwa, nikabonyeza. Sikuinuka hata mara moja, mjinga mimi.

Ramani ikabandikwa kwa chifu. Alama nyekundu zote zilikuwa zimerundikana joshoni. Ule ulikuwa mwaka wa uchaguzi, watu walikuwa wameanza kutazamana vibaya, na Wekesa alikuwa mgeni wa kabila jingine, kutoka magharibi ya nchi. Wakasema ametia sumu kwenye josho makusudi, amalize ng'ombe wao.

Nilimkuta akifunga godoro. Miaka ishirini alikuwa ameishi pale.

"Kijana, si uwaambie ulikuwa umekaa wapi?"

"Nitafutwa kazi, mzee."

"Na mimi je?"

Nikampa kisogo nikaondoka. Nilikuja kusema ukweli wiki mbili baadaye, wakati nyumba yake ilikuwa imeshang'olewa mabati, na ng'ombe wa vilimani wanaumwa bila chanjo. Hakurudi. Sijui hata kama yu hai.

Kwa hivyo usiniambie eti ni simu tu. Futa zile alama za jana zote. Vaa gambuti, anza na shamba la juu kabisa, uyaone mahindi yenyewe kwa macho yako ndipo ubonyeze. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kazi ikienda, kwa sababu kuna mtu atafukuzwa kwake kwa alama yako.

Mungu akupe miguu isiyochoka, mwanangu, na akunyime kiti kama kile nilichokalia mimi.