Nitakuambia Baadaye

Chuoni walimwita Mama Mikono, na yeye hakujali. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mhadhiri na kuyageuza maneno yote kuwa ishara, kwa ajili ya mwanafunzi mmoja kiziwi aliyekaa safu ya mbele. Wiki za mwanzo darasa zima lilimkodolea macho kama mtu anayefukuza nzi, kisha wakamzoea. Alivaa nguo nyeusi ili mikono ionekane vizuri, na kabla ya kuanza alivuta mikono ya blauzi hadi kwenye viwiko. Ndiyo maana mwanafunzi wake alimpa jina la ishara: kiganja kinachopanda mkononi hadi kwenye kiwiko. Viziwi ndio humpa mtu jina hilo; huwezi kujipa mwenyewe. Maisha hayakumpa Mama Mikono zawadi nyingi, na hiyo aliitunza.

Mwanafunzi huyo tumwite Kidoti, kwa kuwa jina lake la ishara lilikuwa kidole kugusa baka dogo shavuni. Alikuwa mwaka wa mwisho wa ualimu, akitaka kwenda kufundisha watoto viziwi. Alibakiza mazoezi ya kufundisha tu, na bila mkalimani asingeweza kuyafanya. Mkalimani aliajiriwa na shirika la hisani lililoingia ushirikiano na chuo. Chuo kilitoa chumba chenye meza moja na bango lililofunika ukuta mzima. Bango lilisema Elimu kwa Wote, Maendeleo kwa Vizazi. Watu wa miradi wanapenda sana vizazi. Mtu mmoja ndiye anayewapa shida.

Mama Mikono alijifunza ishara nyumbani, kwa ajili ya mdogo wake wa kiume aliyezaliwa hasikii. Kwao walikuwa watu wa domo. Wakicheka mezani, mdogo mtu angemvuta dada yake mkono: wanacheka nini? Na mama, au shangazi, au dada mwenyewe akiwa na tonge mdomoni, angejibu: nitakuambia baadaye. Hiyo baadaye haikufika. Baba yao alipofariki hospitalini, kijana alijua kwa kuona viti vya kukodi vikishushwa mbele ya nyumba. Alipopata nguo za kujaza begi aliondoka, na hakurudi tena. Dada akaapa kwamba neno baadaye halitatoka mikononi mwake maisha yake yote.

Ikaja siku ya sherehe ya ushirikiano. Ukumbi ulipambwa, wageni wakaketi mbele. Kidoti alipangiwa kutoa shukrani baada ya hotuba ya mkurugenzi wa shirika, na alikuwa amepiga pasi gauni lake mpaka mikunjo ikaomba radhi.

"Nikitetemeka usiniangalie," alimwambia Mama Mikono kwa ishara. "Nitacheka."

"Ukitetemeka nitasema ni lafudhi yako," Mama Mikono akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Mkurugenzi akasifu chuo, akasifu shirika, akajisifu na yeye kidogo. Mama Mikono akatafsiri yote. Sheria ya kazi ile ni moja: mkalimani hana maneno yake. Mwenye hotuba akisema "mimi", naye anasema "mimi". Hapunguzi, haongezi.

Kisha mkurugenzi akasema, kwa sauti ileile ya kusifu, "Kwa kuwa malengo yetu yametimia, mradi huu tunaufunga mwisho wa mwezi."

Mikono ya Mama Mikono ikasimama hewani. Malengo gani yaliyotimia, na lengo lenyewe limekaa pale mbele na gauni la pasi? Kidoti alimtazama, akisubiri. Mama Mikono akawaza: mwache binti wa watu atoe shukrani zake kwa furaha, mara hii moja tu, halafu nitamwambia. Akaonyesha kwa ishara: "Mradi wetu unasonga mbele."

Njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa fupi kama mwendo wa kutoka kitini hadi jukwaani.

Kidoti alipanda akitabasamu. Mama Mikono akashika kipaza sauti, maana sasa ndiye sauti yake. "Nashukuru kusikia tunasonga mbele pamoja," akasema. "Muhula ujao nitasimama mbele ya wanafunzi wangu wa kwanza, na mkalimani wangu atakuwa kando yangu."

Wageni wakatazama viatu vyao. Mkurugenzi akamwinamia jirani yake na kunong'ona, lakini safu nzima ilisikia, hata Mama Mikono pale jukwaani: "Maskini, hajaelewa. Hawa wanaelewa taratibu."

Kidoti aliona nyuso zikibadilika. "Wanasema nini?" akauliza.

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Mama Mikono. Sentensi moja ingetosha: ameelewa alichoambiwa, mimi ndiye niliyemdanganya. Lakini akakumbuka kwamba mkalimani hana maneno yake, akajificha nyuma ya sheria aliyokwisha kuivunja. Na mkono wake ulio huru ukaenda wenyewe, kwa ishara aliyoijua tangu utotoni.

"Nitakuambia baadaye."

Akamwambia kweli, kwenye korido, wageni walipokuwa wakipiga picha. Alimweleza yote, hata na kile kilichonong'onwa. Kidoti hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Nilipokuwa pale juu, wote walijua isipokuwa mimi?"

"Ndiyo."

"Shule nzima walinifanyia hivyo. Nyumbani wananifanyia hivyo. Nilidhani wewe hapana."

"Nilitaka ufurahi kidogo, mwanangu," alisema Mama Mikono kwa ishara. "Nisamehe. Nitatafuta njia, nitakuja bure, mazoezi yako..."

Mtu anayesema kwa sauti huwezi kumnyamazisha hivi hivi. Utaziba masikio na bado sauti itapenya. Kidoti aliegemea ukuta, akafumba macho. Mama Mikono aliendelea kwa muda, vidole vikiomba, vikieleza, vikiahidi, kisha akaelewa kwamba hakuna anayemsikia. Akashusha mikono ya blauzi mpaka kwenye vifundo vya mikono, akasimama pale akingoja afumbue.

Hakufumbua.